Nyama Iliyokuja Bila Kwato

Ijumaa moja, baada ya sala, tulikula nyumbani kwa mpwa wangu, mtaa wa Ansab, hapa Maskati. Mpwa wangu huyo ni binti wa dada yangu, na dada yangu, ambaye ni mkubwa kwangu, alikuwa akiishi naye tangu alipofiwa na mume. Mgeni wa siku ile alikuwa mkwewe mpwa wangu, yaani baba wa mumewe, mzee wa Kiomani kutoka vijiji vya nyuma ya milima, mrefu, mkavu, ambaye hata sasa huuvunja mfupa kwa meno yake mwenyewe. Masinia yalikuwa mawili katika ukumbi mmoja, la wanaume na la wanawake, na wali ulikuwa mwingi kuliko watu, kama ilivyo desturi ya nyumba zetu siku hizi. Labda wingi huo ndio uliomkumbusha mzee yule njaa ya utoto wake.

Alisimulia kwa Kiarabu cha kwao. Mwaka ambao mvua ilikatika na mfereji wa kijiji ukakauka, alisema, waliishi kwa tende kuukuu, na kokwa zake, ambazo kwa kawaida hupewa ng'ombe, zikarowekwa, zikapondwa, wakala watu. Kisha wakaja nzige. Mama zao waliwaamsha kabla jua halijatoka, wakati nzige wamekufa ganzi kwa baridi na hawawezi kuruka, wakawazoa kwa mikono na kuwatia magunia. Waliwachemsha kwa chumvi na kuwaanika juu ya mapaa ya nyumba. Alimtaja pia dhabu, mjusi mnene wa jangwani mwenye mkia wa miiba, akatuonyesha kwa mikono miwili jinsi anavyovutwa shimoni.

"Mkia wake mafuta matupu," alisema, akifumba macho. "Nyinyi watoto wa kuku wa friji mtajua nini?"

Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao. Niliona kwamba hakuwa na haya yoyote. Njaa ile kwake ilikuwa mali, na aliitoa mbele za watu kama mtu atoavyo jambia ya babu yake.

Hapo mwanawe, mume wa mpwa wangu, mtu mwema lakini mwepesi wa ulimi, akatugeukia sisi kwa Kiswahili alichojifunza kwa mkewe. "Na nyinyi watu wa Zanzibar? Nasikia miaka ile ya foleni mlikula mpaka kima."

"Usitutie sisi katika mijusi yenu!" mkewe alimrushia kutoka sinia la pili, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee aliomba atafsiriwe, akatafsiriwa, naye akacheka kuliko wote.

Dada yangu hakucheka. Aliutoa mkono wake katika sinia, akaosha vidole, akakaa ameuelekeza uso dirishani mpaka vyombo vikaondolewa. Tangu siku hiyo hakuonja nyama.

Jambo hilo lisingekuwa zito kwa mtu mzima wa afya. Lakini dada yangu alikuwa ametoka hospitali si muda mrefu, damu yake ilikuwa pungufu, na tabibu alikuwa ameagiza, tena kwa msisitizo, nyama, maini na supu. Kwanza aliacha nyama. Baadaye akaacha supu. Binti yake alimpikia samaki, akala kidogo, kisha akasema samaki wananuka. Nilipopigiwa simu alikuwa akiishi kwa chai na mkate, na alikuwa hawezi tena kusimama peke yake kwa ajili ya sala.

Kabla ya kueleza aliyoniambia, sina budi kueleza nyama iliyokuwa ikizungumzwa. Mengi husemwa juu ya chakula cha miaka ile, na sehemu kubwa husemwa na watu ambao hawakuwepo. Mimi nitataja niliyoyaona.

Tulikuwa tukiishi shamba, kusini ya Unguja, ukingoni mwa maweni, yaani ile ardhi ya mawe ya matumbawe na vichaka ambako muhogo hukua kwa taabu na paa hujificha kwa raha. Baba alikuwa ameshatangulia Ghuba kututafutia njia, na habari zake zilikuwa haba. Mchele, unga na sukari vilipatikana kwa foleni na kwa kipimo. Niliona watu wakila shelisheli asubuhi, mchana na jioni mpaka wakaichukia. Niliona tapo, kokwa za ule mti wa mtapo unaofanana na mnazi mfupi, zikikatwa, zikianikwa na kurowekwa siku nyingi ili sumu itoke, kisha zikasagwa unga mweusi usio na ladha. Husemwa kwamba watu walikufa kwa tapo. Mimi sikumuona aliyekufa. Niliona wanawake wakirudi pwani na tondo na chaza ambao zamani waliachiwa watoto wachezee. Niliona kororo na kanga wa mwituni wakiletwa wakiwa hai, wamefungwa miguu kwa ukindu. Na niliona nyama ya paa.

Wasasi waliingia maweni na mbwa na nyavu, wakarudi na paa wadogo, ambao kwa ukubwa hawamfikii mbuzi. Palikuwa na mambo mawili ambayo nyumba ya Kiislamu haikuyafanyia mzaha. La kwanza, msasi aape kwamba alimkuta mnyama yu hai na akamchinja kwa jina la Mungu. La pili ni kwato. Nyama ya mwituni ikishachunwa na kukatwakatwa haina jina. Mnunuzi hawezi kuijua kwa macho. Kwa hiyo ilikuwa desturi ya kwetu kwamba muuzaji huuacha mguu mmoja na ngozi yake na kwato yake, akaufunga juu ya furushi, ili ionekane kwamba kilichomo ndani ni mnyama mwenye kwato. Kima hana kwato. Mama alikuwa haligusi furushi kabla ya kuigusa kwato, na mara moja, mbele yangu, alimrudisha msasi kwa kuwa mguu aliouleta ulikuwa umekauka, dalili kwamba ni wa mnyama wa wiki iliyopita.

Mwaka ambao foleni zilikuwa ndefu kabisa, dada yangu, msichana aliyekaribia kuvunja ungo, alishikwa na safura. Uso wake ulivimba na kupoteza rangi. Akivuka kizingiti hukaa chini apumzike. Bwana wa zahanati alisema anahitaji nyama na supu, akalisema hilo kama mtu anayemwagiza mwenziwe mwezi wa mbinguni. Mjini bucha zilikuwa tupu. Mama akapeleka habari kwa msasi, na kwa kuwa kila mtu alikuwa akiwinda, paa nao walikuwa wamekuwa adimu.

Siku nyama ilipofika mimi sikuwepo. Nilikuwa nimetumwa foleni ya unga. Nalisema hili mapema kwa sababu yote yanayofuata yanasimama juu yake.

Nilipokwenda Ansab nilimkuta dada yangu amekaa kitandani, na yule msichana wa Tanga anayewasaidia nyumbani amesimama mbele yake na bakuli.

"Bibi, kunywa basi," msichana alikuwa akimbembeleza. "Kuku huyu ametoka dukani, ana muhuri wa halali, ana karatasi zake zote. Ana vibali kuliko mimi."

Dada yangu alitabasamu, akampa mkono wake ashikwe kidogo, akamwomba atuachie nafasi. Bakuli lilibaki mezani likipoa.

"Mlango umefungwa?" aliniuliza.

"Umefungwa."

"Basi nambie. Ile nyama ya safura yangu. Ilikuwa paa, au ilikuwa kima?"

Nilimwambia sikuelewa swali linatoka wapi. Ndipo aliponieleza, na sehemu hii naiandika kwa kauli yake, kwa kuwa macho yalikuwa yake. Siku ile alikuwa amelala kitanda cha kamba, ameelekea mlango wa uani. Msasi alikuja na furushi la majani ya mgomba. Juu yake hapakuwa na mguu. Mama aliuliza, kwato iko wapi? Msasi akajibu kwamba mbwa waliwahi miguu yote. Mama alilitazama furushi. Akageuka, akamtazama yeye pale kitandani, kisha akanyoosha mkono akalipokea.

"Miaka yote hii hujapata kuniuliza," nilisema.

"Miaka yote hii haikunijia. Mtoto mgonjwa akipewa supu hunywa. Siku ile mume wa mwanangu alipotaja kima, likaja furushi mbele ya macho yangu kama lilivyokuwa, na majani yake. Kila nikipeleka kijiko mdomoni, nnaliona."

"Dada, mtoto hana dhambi. Na mgonjwa sharia imempa nafasi yake."

"Nani kakuuliza dhambi yangu? Mimi nnaijua fikihi yangu, nlikaa chuoni kabla yako. Nnamuuliza mama. Mimi nlimwambia, mama, huyu paa? Akanambia, paa, mwanangu, kunywa. Kama alijua kuwa si paa, alinidanganya. Na hatukuwa watu wa kufa kwa njaa. Muhogo ulikuwepo."

"Wewe ulikuwa ukifa."

"Nani kasema? Si wewe usiyekubali neno la *nasikia*? Nambie nani kasema nlikuwa nikifa."

Bwana wa zahanati alisema anahitaji nyama, hakusema atakufa. Nimefanya kazi ya sheria kwa muda mrefu wa maisha yangu, katika nchi hii, na ni mara chache nimefungwa mdomo kwa usahihi kama ule.

Akapumzika, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Kila siku nnamuombea mama. Nnamuombea kama mtu ambaye neno lake lilikuwa moja. Nataka nijue nnamuombea nini. Wewe ulikula nasi siku ile. Kaa ukumbuke, uje unambie ulichokiona, si unachodhani."

Nilipotoka, binti yake alikuwa akiningoja ukumbini, macho mekundu.

"Mjomba, mwambie ilikuwa paa. Neno moja tu, ale."

"Sikuiona nyama ilipokuja."

"Nani atakayekuuliza kama uliiona?"

"Yeye. Ameshaniuliza."

"Mjomba, huyu mama yangu anakufa kwa nyama ya miaka hamsini nyuma! Wewe umekaa kama uko mahakamani!"

Nilimwambia kwamba mama yake amenitaka ushahidi, na kwamba ningeweza kumdanganya mgeni lakini si mtu aliyenifundisha kusoma. Alinifungulia mlango bila kuniaga.

Kwa kuwa kumbukumbu yangu haikufika mlangoni pa uani, nilitafuta ya mtu mwingine. Msasi alikwisha kufa zamani, lakini mtoto wa nduguye yupo hapa Maskati, ana nyumba kubwa Bawshar, mtu wa rika langu aliyetajirika kwa matairi. Mume wa mpwa wangu alijitolea kunipeleka, na kwa kuwa gari lake lilikuwa likitengenezwa gereji huko Ghala, tulikaa muda mrefu juu ya viti vya plastiki, tukingoja, katikati ya kelele za nyundo.

"Mjomba," alisema, akitazama viatu vyake, "ule ulikuwa mzaha."

"Najua. Ulisikia kwa nani?"

Alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, nampa haki yake. "Sijui. Watu."

"Watu gani?"

"Wallahi sijui, Mjomba. Ni maneno tu."

Mwenyeji wetu wa Bawshar alitupokea kwa kahawa na halua, akaniuliza kama bado naandika barua za kulalamikia makosa ya magazeti. Nilimweleza haja yangu. Kabla sijamaliza alipiga goti lake.

"Paa! Wallahi paa! Ami yangu hajauza kima maisha yake!"

"Siku hiyo ulikuwepo?"

"Nlikuwa mjini, nasoma."

"Basi nani alikwambia?"

"Mamangu."

"Naye aliambiwa na nani?"

"Na ami mwenyewe! Ulitaka ami akamwambie shemegi yake, mimi nauza kima?" Alicheka mpaka akakohoa, akapangusa macho. Kisha, kama watu wafanyavyo wanapoona kicheko hakikupokewa, akashusha sauti. "Lakini, mwenzangu, miaka ile... walikuwepo wasasi. Watu walisema."

"Unasema ami yako alikuwa mmoja wao?"

"Nasema watu walisema!"

"Walisema juu yake?"

"Bwana we, una roho ngumu! Ulipokula pilau ya harusi yangu, uliuliza ng'ombe mtoto wa nani? Mpe Bi mkubwa paa wake, apumzike. Sote tunaondoka."

Nilimshukuru kwa kahawa. Katika dakika chache mtu yule alikuwa ameapa kwa upande mmoja na kunong'ona kwa upande wa pili, na kwa pande zote mbili hakuwa na chochote ila masikio. Njia nzima ya kurudi nilitazama majumba meupe, moja baada ya moja, kila moja na tangi lake la maji juu ya paa, na nilijua kwamba hakuna mtu mwingine wa kuulizwa katika mji huu wala kule Unguja. Waliobaki ni dada yangu, aliyeona furushi, na mimi, niliyeona chakula.

Na nilichokiona nilikuwa nikikijua tangu aliponiuliza. Sikukisahau hata siku moja. Nilikuwa nimekiweka katika fungu la mambo mengine, mambo ya mapenzi ya mama.

Nilirudi Ansab asubuhi iliyofuata, nikaketi karibu na kichwa chake ili asilazimike kuinua sauti.

"Nimekumbuka," nilimwambia. "Nitakwambia yale niliyoyaona, na mpaka wake."

"Sema."

"Nilirudi na unga, nikakuta supu imeiva. Mama alikutilia wewe bakuli, akakushika kichwa ukanywa. Akanitilia na mimi, nikanywa. Ilikuwa tamu, sikujua tofauti yoyote. Yeye hakunywa."

Dada yangu alinitazama.

"Alikula muhogo kwa chumvi," niliendelea. "Nilimuuliza, mama hunywi? Akasema ameshashiba. Kabla ya hapo nilipata kumuona akila paa, alitafuna mifupa ya shingo, hilo nalikumbuka bila shaka. Siku ile hakugusa hata mchuzi. Zaidi ya hayo sijui kitu."

"Basi alijua."

"Sikusema hivyo. Nyama ilikuwa chache, nawe ulikuwa mgonjwa. Mama huacha yeye, akawaachia wanawe."

"Hukusema. Mimi ndiye nnayesema."

Nilianza kumpangia hoja. Nilimwambia kwamba ushahidi ule unaelekea upande mmoja bila kufika. Kwamba mama aliyeshuku tu, bila kujua, angeweza kufanya vilevile. Kwamba hata kama alijua, alimwokoa mtoto wake na kujinyima yeye mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama alivyokuwa akinisikiliza nikimsomea sura niliyohifadhi, akingoja nilipokosea.

"Hakujinyima," alisema. "Alijilinda. Aliona ndani ya bakuli kitu asichotaka kiingie tumboni mwake, akakitia mwangu." Akauelekeza uso dirishani. "Angalau angekunywa pamoja na mimi."

Nimesoma vitabu vingi vya wanavyuoni juu ya ruhusa na makatazo, juu ya njaa na kipimo chake, juu ya nani anaruhusiwa kula nini na mpaka wapi. Sijaona katika hata kimoja jibu la maneno yale. Nilitaka kumwambia kwamba mama hakuwa na safura na kwa hiyo hakuwa na ruhusa. Kwamba, kwa sharia, alifanya sawasawa kabisa: mgonjwa ale, mzima ajizuie. Nilijua pia kwamba jibu hilo lingekuwa sahihi na lingekuwa baya, na kwa mara hiyo moja nikaliacha.

Akamwita msichana, akaomba supu. Ilipoletwa aliinywa yote, taratibu, akipumzika baina ya vijiko. Msichana alifurahi, akapiga kigelegele kidogo mlangoni. Binti yake alikuja mbio, akanibusu kichwa, akidhani nimemwambia ilikuwa paa. Dada yangu hakumsahihisha, na alinitazama mimi nisimsahihishe.

Tangu hapo alikula kila alichopewa, nyama, maini, kuku wa muhuri, bila kukataa na bila kutamani, kama mtu anayemeza dawa ya kumridhisha daktari. Haikusaidia. Damu haikurudi. Binti yake alinilalamikia jambo moja tu, akidhani ni udhaifu wa ugonjwa: kwamba mama yake, ambaye kila baada ya sala alikuwa akiinua mikono na kuanza kwa kumtaja marehemu mama yetu kwa sauti, sasa alikuwa akiinua mikono, midomo haitembei, akaishusha. Nilimuuliza mara ngapi ameliona hilo. Akasema kila siku.

Mimi mwenyewe nililiona mara moja, sala ya alasiri, nilipokuwa nimeketi nyuma yake. Mikono ilikaa hewani kwa muda. Kisha alijipangusa uso.

Alifariki kabla joto halijaanza. Nilikuwa njiani, nilifika ameshafunikwa. Tulimzika siku ile ile, na wakati wa tanzia yule mzee wa nyuma ya milima alikuja akiwa ameshikwa mkono, akakaa karibu nami mpaka watu walipopungua. Kabla ya kuondoka aliniuliza alikuwa anaumwa nini hasa. Nikamwambia damu. Akaitikia kwa kichwa, akasema kwao walikuwa wakisema nzige huongeza damu, lakini hana hakika.

Siku ya tatu, watu walipokwisha, binti yake aliniita jikoni. Alisema asubuhi ile ya mwisho mama yake aliamka na nguvu kidogo. Yeye akamletea supu, akamwinua kichwa. Mama yake aliusukuma mkono wake, si kwa kukataa, kwa upole, kama anayelipitisha bakuli kwa mtu wa pembeni. Na alisema: "Mpeni mama kwanza."

"Alikusudia nani, Mjomba?" aliniuliza. "Mama gani? Alikuwa akiweweseka, au?"

Mimi sikuwepo. Sikumuona, sikumsikia, na aliyenisimulia alikuwa hajalala siku kadhaa na alikuwa akilia. Kwa kanuni zangu zote, habari hiyo haina uzito. Maswali yangu ya kawaida yalinijia mdomoni: ulikuwa umekaa upande gani, alisema kwa sauti gani, una hakika ni neno hilo?

Sikumuuliza hata moja. Nilimwambia alikusudia bibi yake, na nikamwomba anisimulie tena tangu mwanzo.